Hujazeeka mwalimu, ni bei ya kurudi: magemu ya mtu mwenye lisaa na nusu usiku

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari, yuko Morogoro, nalifupisha. Ana PS4 ya mtumba na laptopu ya kawaida ya RAM GB 8, haina kadi ya grafiksi. Muda wake wa kucheza ni usiku watoto wakishalala, kama lisaa limoja na nusu hivi, tena sio kila siku. Alinunua Red Dead Redemption 2, ile gemu ya macowboy, kwa hamu kubwa ila kila akikaa wiki mbili bila kucheza akirudi anakuta kasahau alikuwa anafanya nini na vitufe vinamchanganya, basi anaanza upya, ile sehemu ya mwanzo yenye theluji kaipita na kuirudia mpaka imemchosha. Anauliza: "Kaka, nimezeeka kwa magemu au nacheza vibaya? Na wewe siku hizi ukipata nafasi unacheza nini? Halafu hii gemu ya karata, Balatro, inayosifiwa, mama watoto kaiona akauliza kama ni kamari, nimjibuje?"

Mwalimu wangu, hujazeeka na huchezi vibaya. Mimi kazi yangu ya mchana ni kutengeneza magemu ya simu, sehemu kubwa ni kupanga leveli, na kitu tunachokijadili kazini kuliko hata picha zipendeze vipi ni hiki hiki chako: mtu aliyeacha gemu siku kumi akirudi atalipa nini ili aanze kufurahia tena? Mi naiita bei ya kurudi. Kila gemu inayo, na hawaiandiki popote pale kwenye kava, wataandika ramani ni kubwa kiasi gani na ina misheni ngapi ila sio utahangaika dakika ngapi kukumbuka ulipokuwa.

Red Dead 2 ni gemu nzuri sana, nataka hilo lieleweke, ilitoka Oktoba 2018 na mpaka leo sijaona farasi wanaotembea vile kwenye gemu yoyote. Ila imetengenezwa kwa mtu anayekaa. Stori peke yake inakula kama masaa 50 na wenyewe wamekusudia uende taratibu, ukiua mnyama unamtazama Arthur, yule unayemchezesha, akimchuna mwanzo mwisho, ukiingia kwenye nyumba unafungua droo moja moja kwa mkono. Sasa mtu mwenye Jumamosi nzima huo utaratibu ndo utamu wenyewe, anaingia kwenye ile dunia anazama. Wewe una dakika 90, ukitoa ya kuwasha na kusubiri ilodi, ukitoa ya kupanda farasi kwenda kwenye misheni, umebaki na nini. Halafu vidole. Kile kitufe cha L2 ukiwa mikono mitupu kinakufanya umwangalie mtu ili uweze kumsalimia, ukiwa umeshika bunduki kitufe kilekile kinamnyooshea bunduki, kwa hiyo mtu aliyekaa wiki mbili bila kucheza anaingia mjini anataka kutoa salamu anajikuta anatafutwa na sherifu. Hiyo sio akili kuzeeka, ni vidole vimekosa mazoezi, na gemu haina mpango wowote wa kuvikumbusha.

Ukitaka kujua ninachosema cheki kwa nini gemu ya mpira haichoshi. Watu wanaotoka kazini wanapitia kwenye kibanda cha PS wanalipia mechi moja mbili wanaondoka zao, na mtu anaweza asiguse pedi miezi miwili akirudi anacheza vilevile. Kipindi kimoja cha kawaida ni dakika 6, hakuna stori ya kukumbuka, hakuna kitu ulichokiacha nusu, na vitufe ni vilevile toka enzi zile. Bei ya kurudi ni karibu na bure. Ndo maana EA wanaoitengeneza walivyobadilisha jina la FIFA mwaka 2023 ikawa EA Sports FC 24 huku mtaani kila mtu akaendelea kuita FIFA, hakuna kilichobadilika kwenye vidole.

Sasa ninachocheza mimi. Miezi ya karibuni nimekuwa narudi sana kwenye Papers, Please, ni ya zamani kidogo, mtu mmoja anaitwa Lucas Pope aliitengeneza akaitoa 2013, na mwaka 2022 ikaja kwenye simu. Laptopu yako itaibeba bila shida yoyote, picha zake ni za rangi ya udongo zilizokatwakatwa, hakuna cha kuzidisha joto. Wewe ni afisa uhamiaji kwenye kibanda cha mpakani, nchi ya kubuni inaitwa Arstotzka, mwaka 1982, na kazi yako ni kukagua makaratasi ya watu na kugonga muhuri wa kijani au mwekundu. Basi. Ukisikia hivyo unasema hii itakuwaje gemu, lakini mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni Tunduma au Namanga na mfuko wa karatasi mkononi ataielewa ndani ya dakika mbili.

Ngoja nikuonyeshe siku moja inavyokwenda. Anakuja mama, anakupa paspoti na kibali cha kuingia. Meza yako ni ndogo, makusudi kabisa, kwa hiyo unaburuta karatasi moja juu ya nyingine, kitabu cha sheria kimefunika nusu ya kibali, unaangalia tarehe, haijaisha, unaangalia mji uliotoa paspoti, unafungua kitabu kuhakikisha huo mji upo kwenye hiyo nchi, upo, unaangalia namba ya kwenye paspoti na ya kwenye kibali, tarakimu moja imepishana. Huku saa inakimbia na foleni inaonekana juu inajikunja. Kila mtu unayemshughulikia sawasawa unalipwa hela 5 za humo ndani, makosa mawili ya kwanza kwa siku unapewa onyo tu, kuanzia la tatu wanakukata hela. Jioni unaletewa hesabu ya nyumbani: kodi, chakula, joto, dawa kama kuna mgonjwa, na wanaokutegemea ni mke, mtoto, mama mkwe na mjomba. Hela haitoshi. Kesho yake anakuja mzee, karatasi zake safi kabisa, anapita, anakuomba umfanyie wema mke wake, yuko nyuma yake kwenye foleni, halafu anakuja huyo mke hana kibali. Utamrudisha?

Sijawahi kuona gemu nyingine inayobana mtu kiasi hicho kwa muhuri tu. Na bei ya kurudi? Ni ndogo sana, kwa sababu kila siku ya kazi ni dakika chache na inafungwa na hesabu, unazima hapo, ukirudi baada ya wiki mbili kitabu cha sheria kiko mezani kinakukumbusha kila kitu. Sheria zinaongezwa kidogo kidogo, siku ya kwanza unapitisha wananchi tu, kesho yake na wageni, baadaye vibali, baadaye vibali vya kazi, kwa hiyo ukisahau unasoma, hata afisa wa kweli anasoma. Ina miisho 20, mingi unaipata kwa kufukuzwa au kufungwa. Ni ya Kiingereza na ina kusoma kwingi, kwako mwalimu hilo sio tatizo, ila watoto wasubiri kwanza maana kuna milipuko na mashine ya kukagua miili.

Balatro sasa, nianze na gemu yenyewe halafu nije kwa shemeji. Ilitoka Februari 2024, kaitengeneza mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, mwaka huohuo ikaja kwenye simu, na PS4 ipo. Unatumia mikono ya poka, yaani makundi ya karata unazoziweka pamoja, ila hauchezi poka, hakuna mpinzani mezani, kuna namba tu unatakiwa uifikishe. Wewe nakuona kama mtu wa hesabu hata kama hukusema unafundisha nini, kwa hiyo nakupigia hesabu. Kila mkono una chipsi na una kizidisho. Jozi ni chipsi 10 mara 2. Ukicheza K mbili kila K inaongeza 10, inakuwa 30, mara 2, umepata 60. Raundi ya kwanza inataka 300 na una mikono 4, kwa jozi jozi hutoboi. Rangi moja ni chipsi 35 mara 4, sasa cheza kopa tano, tuseme K, J, 9, 6 na 3, zinaleta 38, jumlisha 35 unapata 73, mara 4 ni 292. Mkono mmoja na umebakiza 8 tu. Hapo unaanza kuelewa kwa nini watu wanatupa karata wakisubiri kopa.

Ila moyo wa gemu ni majokeri, yako 150 na unabeba matano kwa wakati mmoja. Jokeri la kawaida kabisa linaongeza 4 kwenye kizidisho, ile 73 yako inazidishwa kwa 8, ni 584. Halafu kuna jokeri jingine linazidisha kizidisho mara 2 ukicheza rangi moja. Yanahesabiwa kutoka kushoto kwenda kulia, na hapa ndo nilipoipenda kweli kweli hii gemu: ukiweka la kujumlisha kushoto, 4 jumlisha 4 ni 8, mara 2 ni 16, 73 mara 16 unapata 1,168. Ukiyapanga kinyume, 4 mara 2 ni 8, jumlisha 4 ni 12, unapata 876. Karata zilezile, majokeri yaleyale, umepoteza karibu 300 kwa mpangilio tu. Nimemwonyesha hiyo kijana mmoja wa kidato cha pili ambaye mabano ya hesabu yalikuwa yamemshinda na akaona kwa macho yake kwa nini mpangilio una maana, aisee ningekuwa na uwezo ningeipeleka darasani.

Safari nzima ni hatua nane, kila hatua raundi tatu, kwa hiyo 24, ukicheza vizuri ni kama nusu saa mpaka saa nzima, ukifa mapema ni dakika kumi. Ukitoka katikati unaikuta palepale ulipoachia, na ukiangalia skrini majokeri yako matano yanakwambia mpango wako ulikuwa upi. Hakuna stori ya kukumbuka.

Kwa shemeji mwambie hivi, na mwambie ukweli wote. Hakuna hela inayoingia wala kutoka, unainunua mara moja basi, hakuna cha kuweka dau wala kununua bahati kwa hela ya simu, hela zilizomo ndani ni za gemu na haziwezi kutoka. Sio yeye peke yake aliyeuliza, hata wale wa Ulaya wanaopanga umri wa magemu, PEGI, waliwahi kuipa 18 kwa sababu ya poka, Februari 2025 wakaishusha ikawa 12. Lakini kuna mawili namheshimu nayo. Moja, kama nyumbani kwenu karata zenyewe hazitakiwi, hilo ni la nyumba yenu na magemu mengine yamejaa. La pili ni muda. Hii gemu inajua kukuambia moja tena, ukifa unajua kabisa umekosea wapi na kitufe cha kuanza upya kiko hapohapo, saa tano na nusu inageuka saa nane bila kengele. Ukiicheza weka alamu ya simu, na usiiweke mkononi, iweke chumba kingine ili unyanyuke.

Hilo la moja tena linanifanya nisikushauri Vampire Survivors, ingawa kwa bei ya kurudi haina mpinzani, unatumia kijiti kimoja tu na raundi haizidi dakika 30, ikifika 30 kifo kinakuja kukuchukua. Aliyeitengeneza, Luca Galante, aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni za magemu ya kamari na ujuzi ule unaonekana, kasha likifunguka ni mataa na muziki na vito vinaruka. Inafurahisha, siikatai, ila ni ya mtu ambaye kesho hana kipindi cha kwanza asubuhi.

Stardew Valley unaweza ukawa unaijua, shamba na kijiji, Eric Barone aliikalia peke yake miaka minne na zaidi mpaka 2016 ikatoka. Nakupa kitu kimoja tu ambacho kinahusu muda wako: siku moja ndani ya gemu ni kama dakika 14 za kweli na inasevu ukilala tu. Kwa hiyo unaweza kusema leo nalima siku nne halafu nalala na mimi, na TANESCO wakikata umepoteza siku moja ya shamba, hakuna zaidi. Andika kwenye karatasi kesho unataka kufanya nini maana yenyewe haikumbushi, utakwenda dukani kwa Pierre Jumatano ukute kafunga. Cheza na watoto hii, wao wamwagilie.

Ukitaka kitu cha kutokwa jasho la mikono kuna Celeste ya 2018, ipo PS4. Msichana anapanda mlima na kila skrini ni chumba kimoja chenye fumbo la kuruka, ukifa unarudi palepale ndani ya sekunde moja, na utakufa mamia ya mara, gemu yenyewe inakuambia ujivunie hiyo idadi. Kama mtengenezaji nakwambia ile gemu ina huruma iliyofichwa: ukichelewa kubonyeza na mguu umeshatoka kwenye ukingo, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde bado inakuruhusu kuruka, wewe unahisi umewahi. Kuna nyingi za hivyo humo ndani, tumezisoma na tunaziiga wote. Na kuna sehemu ya msaada, unapunguza kasi ya gemu au unaongeza pumzi, hakuna anayekucheka, itumie ukirudi ukiwa umesahau vidole halafu uizime. Hades nayo naitaja haraka, unapigana kutoroka kuzimu, safari moja ni kama nusu saa, na walichofanya Supergiant walioitengeneza ni kwamba kufa kunasogeza stori mbele, ukirudi nyumbani watu wana maneno mapya ya kukwambia, kwa hiyo hata usiku ulioshindwa vibaya umepata kipande cha hadithi. Ipo PS4 toka 2021.

Sasa kuna moja haitakaa kwenye PS4 yako na bado lazima niiseme, Tales of Kenzera: Zau, ilitoka Aprili 2024, inataka mashine kama PS5 au kompyuta yenye nguvu kidogo. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ndo ile sauti ya Bayek kwenye gemu ya Assassin's Creed Origins, alifiwa na baba yake na gemu yote imetoka kwenye huo msiba. Kijana mganga anaitwa Zau anamfuata Kalunga, mungu wa kifo, anamwambia nirudishie baba yangu nami nitakuletea roho tatu kubwa zilizokushinda. Ana vinyago viwili, cha jua kinachoma, cha mwezi kinagandisha, unavibadilisha katikati ya kuruka. Na ina sauti za Kiswahili. Niliiweka kwa Kiswahili toka mwanzo nikaizima taa sebuleni, na sijui nikuelezeje mwalimu, nimecheza magemu toka udogo nikisikiliza Wamarekani na Wajapani, mara Kalunga anaongea na kijana kuhusu baba aliyekufa kwa lugha niliyozikia wazee wangu. Mapigano yanajirudia kidogo na ni fupi, kama masaa nane hivi, mi naona ufupi umeisaidia. Kalunga hamkejeli yule kijana, hata anapomkatalia anamkatalia kwa upole, anatembea naye. Kama una ndugu mwenye PS5 likizo ya Desemba muombe siku mbili tatu.

Kwa hiyo kwako ningeanza na Papers, Please kwenye laptopu, siku za kazi, siku mbili tatu za mpakani kila usiku basi unalala. Celeste iweke kwa ajili ya zile siku unatoka shule na hasira. Balatro mkikubaliana na shemeji.

Na Red Dead usiiuze, ihamishie Jumapili ambazo huna kusahihisha, na usianze upya tena, theluji umeshaiona. Sevu yako ya mbali zaidi ifungue, kabla hujapanda farasi fungua lile daftari la Arthur kwenye mkoba, anaandika na kuchora mwenyewe kila kilichotokea, kurasa mbili za mwisho zinakutosha kujua uko wapi na ulikuwa na nani. Halafu toka nje ya kambi mahali pasipo na watu, zungusha farasi, chomoa bunduki, rudisha, lenga mti, dakika tano tu mpaka L2 irudi kwenye kidole. Ukifika mjini ficha bunduki kwanza ndo usalimie watu.